Idd Iliyonipita Barabara ya Kilwa

Gervas tumemzika Jumanne, makaburi ya Kinondoni, na nimerudi Mbagala nikiwa hoi kuliko siku zile nilipokuwa nakimbia. Uzee una uchovu wake. Unakaa kitini kwa saa nne, unasimama mara moja tu kurusha udongo, basi, magoti yanalalamika kama umelima ekari nzima. Binti yake mkubwa, mwalimu, mwenye sauti ya kuamrisha ambayo baba yake hakuwa nayo hata kidogo, alinishika mkono akanikalisha mstari wa mbele pamoja na ndugu waliotoka Bukoba. Akaniinamia akasema, "Baba alikuwaga anakutaja wewe kuliko ndugu zake wa damu." Nikamwambia pole, mwanangu. Baadaye msemaji wa familia akanipa nafasi nieleze nilivyomfahamu marehemu. Nikasema tulipanga nyumba moja Temeke enzi za Mwingereza, tulikuwa tukikimbia pamoja, alikuwa mtu mwema, nikakaa. Watu wakaona mzee kachoka, wakaniachia. Kweli nilichoka, lakini pia kulikuwa na mambo ya mwaka mmoja ambayo hayasemeki mbele ya jeneza, na nimeona niyaandike kabla na mimi sijabebwa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya udongo na makuti, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Mwenye nyumba alikuwa Bi Tausi, mjane wa Kizaramo, mnene, mcheshi, asiyependa kubishiwa. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na msumari mmoja ukutani ambao ndio uliokuwa kabati langu: hapo nilitundika sare ya kaki ya utarishi, na juu ya sare nikatundika bukta ya kukimbilia. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Gervas. Alikuwa Mhaya, Mkatoliki, karani wa bohari moja karibu na bandari, mrefu, mpole, mwenye mwandiko ambao ungedhani umepigwa chapa. Yeye alikuwa na sanduku la bati, rozari juu ya kitanda, na jiko la mafuta ya taa alilolisugua kila Jumamosi. Ulimi wa Bi Tausi ulikataa katakata kulitamka jina lake, akamwita Abasi, na yeye akaitika bila kinyongo. Nilimuuliza mara moja kama haimuudhi kusilimishwa hivyo kila siku bila shahada. Akacheka, akasema mama akikuandalia chai asubuhi ana haki ya kukuita apendavyo.

Hatukuanza kukimbia kwa kupenda mbio. Tulianza kwa kuchelewa kazini. Kutoka Temeke hadi mjini tulikwenda kwa miguu, na kila siku tukiachiana hatua mbili tatu, kila mmoja hataki mwenzake atangulie kufika mtaa wa Gerezani, mpaka mwendo ukawa mbio na mbio zikawa mazoea. Mzungu mmoja aliyesimamia michezo ya watumishi alituona, akatuita uwanjani Chang'ombe, akatutimua mizunguko hata tukatapika, na tulipomaliza akatutazama kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu njiani. Tulimpa jina la Bwana Saa, kwa sababu ile saa yake ya kupimia mbio haikutoka shingoni, na nadhani hata kuoga alioga nayo. Alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno kwamba mwishoni mwa mwaka kutakuwa na marathoni Nairobi, maili ishirini na sita na kitu, na kwamba anataka kupeleka watu wawili kutoka hapa. Kwanza atatukimbiza maili ishirini kwenye Barabara ya Kilwa, Chang'ombe hadi karibu na Vikindu na kurudi. Wa kwanza na wa pili watakwenda Nairobi. Wa tatu atabaki.

Tulikuwa watano, lakini hesabu ilikuwa nyepesi. Kulikuwa na koplo mmoja wa polisi, mfupi, peku, mwenye nyayo ngumu za kukanyagia miiba, ambaye hakuna aliyekuwa na ndoto ya kumshinda. Wawili wengine walikuwa wa kusindikiza. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa baina yangu na Gervas. Hatukuwahi kulisema jambo hilo. Tuliishi nalo ukumbini kama watu wanavyoishi na mgeni asiyeaga. Mimi nilitaka Nairobi kwa sababu ya kijinga, lakini ni yangu: nilikuwa nimebeba mikononi barua za kwenda Nairobi, Bombay na London, nikazijua stempu zake kwa rangi, na mwenyewe sijavuka mto Ruvu. Gervas naye alikuwa na yake. Baba yake alimwandikia kutoka Bukoba kwamba hakumsomesha ili akakimbie barabarani kama mwizi anayefukuzwa sokoni. Gervas akajibu kwamba ameshachaguliwa kwenda kuwakilisha nchi. Najua kwa sababu alinisomea barua yenyewe kabla ya kunipa niitie posta. Nikamwambia, lakini bado hatujakimbia. Akasema itakuwa kweli kabla barua haijafika. Kwa meli za ziwani za wakati ule, pengine hakuwa amekosea.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia masika. Kalenda iliyotundikwa ofisini ilisema utaanza siku fulani, lakini mwezi haukuonekana kwa mawingu, tukaanza siku moja baadaye, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibika, ingawa hakuna aliyelijua hilo. Bwana Saa alikuwa ameshapanga mbio kwa kalenda yake. Alifikiri ametufanyia hisani: mbio ziwe Jumamosi, Idd Pili, Waislamu tuwe tumekula pilau siku nzima ya Idd Mosi. Nilipomwendea kumweleza kwamba sasa Jumamosi yaweza kuwa Idd Mosi, au yaweza kuwa mfungo wa thelathini, inategemea mwezi, alinisikiliza kwa adabu kisha akauliza ni lini mwezi utajulikana. Nikasema Ijumaa jioni. Akasema polisi wa kulinda barabara wameshaombwa, na barua ya polisi haiwezi kungoja mwezi.

Mwezi ule sitausahau mwilini. Tulitoka kazini saa tisa na nusu, tukatembea hadi Temeke, nikalala chali kwenye mkeka nikitazama makuti mpaka saa kumi na moja, kisha tukatoka kukimbia ili nirudi pamoja na adhana. Maili za mwisho ulimi ulikuwa kipande cha gunia. Gervas angeweza kukimbia asubuhi ameshiba, lakini alikimbia saa zangu, na mwezi mzima hakula mbele yangu. Alipika alasiri amefunga dirisha, na kila akitoka kunywa maji alijifuta mdomo kwa kitambaa kabla ya kukanyaga ukumbi. Nikirudi, Bi Tausi alikuwa amepanga futari uani: muhogo wa nazi, maharage, kaimati, na uji wa pilipili manga unaofungua kifua. Alimwekea Gervas bakuli lake, ingawa hakufunga, akisema anayemkimbiza mfungaji ana thawabu zake. Huo ndio mlo niliokuja kuufahamu kuwa mtamu kuliko yote niliyokula baadaye katika nyumba zenye meza.

Jioni moja nilikuwa nimelala chumbani, nikawasikia majirani wa kike waliokuja kuazima kinu wakinizungumza. Mmoja alisema mtu hawezi kukimbia maili kumi amefunga, mashamba ya Mbagala yamejaa muhogo, na vichaka vya mikorosho havina macho. Mwingine akacheka. Bi Tausi hakucheka. Aliwaambia kwamba huyo kijana yuko chini ya paa lake, kwamba akila mchana yeye ndiye aliyekula, na kwamba anayetaka kinu akaazime penye watu wa kusengenya. Siku ile nilijiwekea nadhiri kwamba sitaifungua saumu ya mwezi ule kwa hali yoyote ile mpaka nisikie kwa Bi Tausi, au msikitini kwetu, kwamba imekwisha. Sikuwa mcha Mungu kiasi hicho. Nilikuwa kijana, na mtu mzima alikuwa ameweka jina lake juu yangu.

Hata hivyo nilijaribu kutafuta mlango wa uani. Siku tatu kabla ya mbio nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani jirani, nikamuuliza kama mkimbiaji hahesabiwi msafiri, maana msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Mwalimu alivua miwani. Aliniuliza natoka wapi nakwenda wapi. Nikasema natoka Chang'ombe nakwenda Vikindu, kisha narudi Chang'ombe. Akasema, "Vikindu si safari, Rajabu. Kule watu huenda kuchukua nazi." Akanipa pole, akarudisha miwani.

Ijumaa jioni tulisimama uwanjani mbele ya msikiti, mtaa mzima, shingo juu. Mbingu ilikuwa blanketi la kijivu. Waliona wingu, wakaona kunguru, na mzee mmoja aliona mwezi ambao mwanawe alimwonyesha kuwa ni taa ya kilima cha ng'ambo. Baada ya isha ikaja habari kwamba Unguja umeonekana na wamepiga simu. Hapo mji ukagawanyika. Waliopenda simu wakaanza kukaanga vitunguu, harufu ikatuandama hadi barazani. Sheikh wa msikiti wetu akasema simu si shahidi, anataka mtu aliyeuona kwa jicho lake aje aape. Bi Tausi alikuwa wa sheikh huyo tangu usichana. Alipoulizwa na jirani atafanya nini, alijibu, "Waya una macho tangu lini?" Akaingia kupika daku. Nilikula daku lake, nikanywa maji hadi tumbo likagota, na nikalala nikijua kwamba kesho nitakimbia maili ishirini bila tone, na Gervas atakunywa atakavyo. Sikumchukia kwa hilo. Labda nilimhusudu, na husuda nayo inachosha.

Saa moja asubuhi Bwana Saa alituchorea mstari wa chokaa, akapunga leso, tukaondoka. Barabara ya Kilwa wakati huo haikuwa barabara mnayoijua. Ilikuwa udongo mwekundu wenye mifereji ya mvua, na penye kukauka ilikuwa mchanga wa kumeza mguu hadi kifundoni. Hussein, mwenye duka la Temeke, Mhindi wa Kishia aliyenijua kwa jina kwa sababu ya mkate na sabuni, alikuwa ameazimisha gari lake lililobeba pipa la maji na vikombe vya bati, akatufuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Koplo akatangulia, akawa nukta, akapotea. Mimi nikashika nafasi ya pili na Gervas nyuma yangu, ninasikia nyayo zake, mimi na raba zangu, yeye na raba zake, sauti niliyoizoea kuliko sauti ya mtu yeyote. Hadi Mbagala nilikuwa mzima. Kupanda na kushuka, mikorosho kulia, muhogo kushoto, watoto wakitukimbiza na kuchoka. Gari lilinisogelea, Hussein akatoa kichwa dirishani akanyoosha kikombe. "Kunywa, Rajabu, leo Idd," akasema. Nikatikisa kichwa. Nilijua watu wa jamatini kwake, Mashia wenzake, walikuwa na hesabu zao za mwezi, na mwezi wao haukuwa wangu.

Karibu na Vikindu tuligeuka kwenye pipa lililopakwa chokaa. Jua lilikuwa limetoka katikati ya mawingu, na ardhi iliyolowa ikaanza kutoa mvuke. Kuna uchovu wa miguu, na huo mtu anaufahamu. Kuna mwingine unaoanzia nyuma ya macho, ukashuka, na huo ndio ulionipata maili ya kumi na mbili. Jasho lilikatika. Ngozi ikawa kavu na ya baridi katikati ya joto lile. Nilianza kuhesabu minazi, kisha nikasahau nahesabu nini. Tulipopita Mbagala mara ya pili, kila nyumba ilinuka pilau. Watoto walikuwa na nguo mpya, msichana mmoja ana utepe mwekundu kichwani, na watu waliniambia Idd Mubarak, wakaninyooshea kata za maji, mmoja akanifuata hatua kadhaa akinisihi. Nikawaza, hawa ni watu wa simu. Kila aliyeniambia leo Idd nilimtia kwenye kundi la wengine: huyu wa simu, huyu Mshia, huyu Mkristo, huyu mlevi. Ubishi nao una pumzi zake, ukiishiwa nguvu za miguu unaweza kukimbilia huo kwa muda.

Pale mteremko wa Mtoni, kwenye daraja, palikuwa na watu wengi zaidi. Zilikuwa zimebaki kama maili tatu. Nilikuwa bado wa pili, na Gervas alikuwa amebaki nyuma kiasi kwamba sikuzisikia tena nyayo zake. Nilisikia jina langu likiitwa kutoka kila upande, kama siku zote za mbio, na nilikuwa nimejikataza kuinua uso kwa sababu kila uso ulikuwa na maji mkononi. Kwa pembe ya jicho niliona birika la bluu likipungwa. Niliona birika, sikumwona aliyelishika. Nikavuka daraja nikikitazama kifungo cha bukta yangu, nikaanza kupanda.

Kile kilima si kirefu. Leo wajukuu zangu wanakipanda kwa baiskeli wakiongea. Mimi nilikipanda kwa kuzungumza na kila mguu peke yake, sasa huu, sasa huu, na nilipofika juu nikaanza kuyumba kutoka mfereji hadi mfereji. Hapo ndipo niliposikia raba. Gervas akaja ubavuni, akapunguza mwendo, tukaenda sambamba kama hatua ishirini. Nikageuka kumtazama. Kidevu chake kilikuwa kimelowa, na shati limeshika kifuani kwa maji, maji ya kweli, si jasho. Alinitazama. Mdomo wake ukafunguka, ukabaki wazi, nami nikadhani anatafuta hewa. Kisha akasema, "Jikaze," akanipita. Niliuona mgongo wake ukizidi kuwa mdogo hadi Chang'ombe, na hakuna kitu ningeweza kufanya juu ya mgongo ule.

Nilifika wa tatu. Nafasi ya Nairobi ilinipita kwa hatua mia mbili au pungufu. Nilianguka baada ya chokaa, watu wakanimwagia maji kichwani, na nikafumba mdomo kwa nguvu ili tone lisipite. Bwana Saa alinipigia magoti akaniuliza kwa nini, kwa nini, akionekana kutaka kulia. Nikafumbua macho. Mbele yangu alisimama muadhini wa msikiti wetu, mtu yule yule ambaye jana alisimama na sheikh kukataa simu, amevaa kanzu mpya, anatafuna muwa. Nilimtazama taya zikienda. Akanieleza kwa upole kwamba wazee wawili wametoka Mbwamaji alfajiri, wameapa mbele ya sheikh kwamba jana jioni waliuona mwezi, na saa mbili haijafika ngoma ikapigwa. Idd ilikuwa imeingia nikiwa bado naenda Vikindu, na mimi nilikuwa nimefunga siku ambayo kufunga ni haramu. Nikaomba maji. Nililia huku nikinywa, na sikujificha. Gervas alikuwa ameketi majanini na taulo kichwani, amegeukia upande mwingine.

Alasiri Bi Tausi alitupakulia pilau sinia moja, watatu, ukumbini kwenye mkeka mpya. Alikuwa amevaa kanga za Idd lakini miguu yake ilikuwa myekundu kwa udongo hadi magotini, hakuwa ameiosha. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alianza kunigombeza kabla sijameza tonge la kwanza. Alisema ngoma ilipolia hakungoja hata swala, alichukua birika akatoka mbio kwa miguu yake hiyo, na unene wake huo, hadi daraja la Mtoni, kwa sababu aliogopa nimalize siku ya Idd nimefunga kwa ajili yake. Alinipungia, akaniita hadi koo likamuuma, na mimi nikapita kama sina mama. Birika la bluu. Niliweka tonge chini.

"Basi alipokuja Abasi nikamshika mkono," akasema. "Nikampa maji, nikamwambia mwanangu wewe una miguu, mfikie ndugu yako, mwambie Bi Tausi kasema ni Idd, anywe. Akaitikia. Sasa niambie, Rajabu. Abasi hakukufikishia?"

Mkono wa Gervas ulikuwa ndani ya sinia, na ukasimama humo humo. Hakuinua uso. Nilimwona akingoja, na nilielewa vyote kwa mara moja: kidevu kilicholowa, mdomo uliofunguka, hatua zile ishirini sambamba. Maneno yalikuwa mdomoni mwake, na kwa jina la Bi Tausi ningeyaamini, kwa sababu jina hilo ndilo pekee nililokuwa nangoja. Gari la Hussein lilikuwa halipo mbali. Kikombe kimoja, maili mbili na nusu mbele yangu. Nani ajuaye. Labda angenishinda hata hivyo.

"Alinifikishia, mama," nikasema. "Nilidhani ananitania."

Bi Tausi alinipiga kofi la mgongo. "Abasi akutanie juu ya Idd? Mtoto muungwana huyu?" Akachambua kipande cha nyama kilichonona kuliko vyote, akamwekea Gervas upande wake wa sinia. Gervas alikitazama, akasema ahsante mama, akakitia mdomoni, na nilimwona akihangaika kukimeza. Kwa miaka mingi Bi Tausi aliwasimulia wageni habari za Rajabu mbishi aliyekataa Idd kwa kinywa cha rafiki yake mwenyewe, na walicheka, na mimi nilicheka nao.

Jumatatu alfajiri Gervas akanigongea mlango kama kawaida. Mimi sikuwa tena na mbio za kujitayarishia, lakini alihitaji mtu wa kukimbia naye, na miguu yangu ilikuwa imeshateremka kitandani kabla sijaamua. Tukaenda kwa njia ile ile, giza likiwa linaanza kupauka. Tulipofika darajani Mtoni akapunguza mwendo. Akasema, "Rajabu, siku ile, hapa..." Nami nikamkatiza upesi, kwa sauti ya ucheshi. "Pumzi, Gervas. Usiongee, utaishiwa pumzi." Tukapanda kilima.

Alikwenda Nairobi, akamaliza katikati ya kundi, akarudi na blanketi la kumpa Bi Tausi. Alijaribu tena siku ya harusi yangu, akanivuta pembeni, akaanza na neno lile lile, siku ile, nikampigia ukelele mtu alete soda. Alijaribu tukiwa na mvi. Mwaka huu hospitalini alinishika kifundo cha mkono, akasema Mtoni, na nikamwambia, daktari amesema usijichoshe. Kwa muda mrefu nilijiona muungwana. Nilisema moyoni, nimemsamehe siku ile ile kwenye sinia, cha nini kumwaibisha. Na ni kweli nilimsamehe, hilo naliapia. Lakini nikijikagua vizuri, nilipenda kuwa mtu anayejua na kunyamaza. Kila akinitendea wema, na alinitendea mwingi, aliwasomesha wanangu wawili, nilipokea nikijua unatoka wapi, na ulinifaa hivyo. Angesema lile neno tungekuwa sawa, na mimi sikutaka tuwe sawa. Yeye hakuomba kusamehewa. Aliomba nimpokee mzigo, kama tunavyompokea yeyote anayefika mlangoni na kitu kichwani, hata adui, na mimi kila mara niliweka mikono nyuma. Hilo ndilo ninalolijutia. Nairobi niliiacha zamani.